Kifua cha Fundi Cherehani

"Alikuwa ameukumbatia mto," mjane alisema. "Sikumwekea mimi. Aliukumbatia mwenyewe."

"Hilo umeshasema. Niambie ambalo hujasema."

Mjane aliinamisha kichwa, akaanza kuuvuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa gauni lake. Mpelelezi aliyekuwa akimhoji hakukaa. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka chumba kile kidogo kama aliyekatazwa kugusa kiti, na koplo aliyekaa pembeni na karatasi za maelezo alishachoka kumfuata kwa macho. Kituo kizima, kuanzia mkuu wa kituo hadi wafagiaji, kilimwita Nukta, kwa sababu hakuna maelezo aliyoyasoma bila kurudi nyuma kutafuta nukta waliyoiruka wenzake. Mwanzoni jina hilo lilimuudhi. Sasa ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, hageuki.

Habari yenyewe ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana haikumkaa Nukta moyoni. Fundi cherehani mmoja, mgonjwa wa pumu tangu utotoni, alifia chumbani kwake. Mama yake mzazi alisikia purukushani, akaingia, akamkuta mkwewe ameshika mto usoni kwa mwanawe. Mkwe akasema alikuwa akiuondoa. Daktari wa maiti alikuta vidoa vyekundu machoni, kama vya mtu aliyekosa hewa, na koo safi. Maabara nayo ikajibu kwamba ute wa kwenye njia ndogo za hewa ulikuwa mwepesi kama maji, haukuziba kitu. Mtu akiuawa na pumu, njia zake za hewa huzibwa kwa ndani. Za huyu zilikuwa wazi, basi hewa alinyimwa kwa nje. Mwendesha mashtaka alifurahi kama aliyeletewa mbuzi keshachunwa. Alasiri hiyo mjane angesomewa shtaka la kuua, na alasiri hiyo hiyo marehemu angezikwa.

"Ulirudi nyumbani lini?" Nukta aliuliza.

"Usiku ule ule aliofariki. Nilikuwa kwa dada yangu, alijifungua kwa upasuaji. Nilikaa naye wiki tatu."

"Mumeo aliangaliwa na nani?"

"Mama mkwe."

"Inhela ya dharura ilikutwa kitandani, tupu. Ile nyingine, ya kila siku, ya kuzuia kifua kisibane, iko wapi?"

Uzi wa gauni ulikatika. Mjane aliutazama mkononi.

"Sijui."

"Umeishi na mgonjwa wa pumu miaka yote hiyo, na dawa yake hujui iliko?"

"Afande," mjane alisema, na sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, "ukiniuliza yangu nitakujibu. Ya wengine usiniulize mimi."

Nukta alisimama tuli kwa mara ya kwanza. Koplo naye akainua kalamu, akasubiri.

"Mrudishe ndani," Nukta alisema. "Kisha nitolee ule mto."

Chumba cha vielelezo kilikuwa mwisho wa ujia, kina dirisha moja lisilofunguka. Koplo alirudi na mfuko wa plastiki, akauweka mezani na kutia mikono kiunoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye subira na kila kitu isipokuwa njaa.

"Afande, huo mto tumeutazama sote. Una mate. Mtu akizibwa mdomo hutokwa mate, hata mimi najua."

"Yangekuwa mate yangeshakauka yakaacha alama tu."

Nukta alivaa glavu, akautoa. Foronya ilikuwa ya kitambaa cha maua, bila shaka mkato wa marehemu mwenyewe, maana mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko wa dukani. Katikati palikuwa na doa pana. Ukingo wake ulikuwa umekauka ukawa mgumu na wa kung'aa, kama nguo iliyotiwa wanga. Lakini pale kitambaa kilipokunjika, unyevu ulikuwa umebaki. Nukta alipoukunjua mkunjo ule, kitu kilivutika kutoka upande mmoja hadi wa pili, kirefu, cheupe chenye umanjano, kikakataa kukatika.

"Lahaula!" koplo alisema, akarudi nyuma. "Na mimi sijala."

"Hiki kimetoka kifuani kwa nani?"

"Kwa marehemu. Nani mwingine?"

"Na maabara wamesema ute wa kifuani kwa marehemu ni kama maji. Sasa ama mto si wake, ama ute si wake, ama maabara wamesema uongo." Tayari alikuwa anavua glavu. "Lete ufunguo wa gari."

"Afande, mwendesha mashtaka amepiga simu mara—"

"Akipiga tena mwambie nimekwenda kukohoa."

Maabara ilikuwa nyuma ya hospitali, upande mmoja wa ua. Upande wa pili wa ua huo palikuwa na chumba cha maiti. Katikati palikuwa na nyasi ambazo hakuna aliyezikanyaga, kwa sababu mkemia wa huku na daktari wa maiti wa kule walikuwa hawasemeshani. Waligombana kuhusu friji, mwaka ambao hata wahudumu hawaukumbuki vizuri, na tangu hapo waliwasiliana kwa vichupa. Daktari akituma kichupa, mkemia anatuma majibu. Salamu hazikuwamo. Watu wazima wawili wenye shahada, wamenuniana kama watoto waliogombea bembea.

Mkemia alikuwa mtu mrefu mwenye miwani kwenye paji la uso. Alimkaribisha Nukta bila kuacha kazi.

"Makosa hapa hakuna, afande. Sampuli ya fundi niliifanya kwa mikono yangu."

"Sijasema kuna makosa. Nifundishe tu. Ute ni nini?"

Swali hilo lilikuwa la kumpa samaki maji. Mkemia alishusha miwani machoni.

"Ute ni maji yaliyofungwa. Watu wanaudharau, wanautema barabarani, lakini bila huo ute vumbi lote unalovuta lingekaa mapafuni. Kinachoyafunga maji ni protini. Nyuzi ndefu, ndefu mno, zimebandikwa sukari pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Sukari ndiyo inayovuta maji, kwa hiyo uzi unavimba, unakuwa laini. Halafu uzi unashikana na mwenzake kwa vifungo vya salfa. Vifungo vikiwa vya kiasi, ute unateleza, unapanda juu na takataka zake, nawe unaumeza bila kujua. Vikizidi, na maji yakipungua, unapata mpira."

"Na mwenye pumu?"

"Aa, hapo pana jambo. Protini za kazi hiyo ni mbili hasa. Moja ni mfagiaji wa kila siku. Ya pili huja kwa wingi kifua kikichokozeka, na kwa mwenye pumu inatoka huku imeng'ang'ania seli iliyoitoa. Haiachii ukuta. Hiyo ndiyo inayoziba." Alitikisa kichwa. "Lakini kwa fundi wako haikuziba. Mimi nimekuta maji."

Wakati akisema hayo mikono yake ilikuwa ikifanya kazi peke yake. Mbele yake palikuwa na vichupa vya makohozi ya wagonjwa wa wodini. Alichukua kimoja, akakiinamisha. Makohozi yalining'inia mdomoni, mazito, hayakutaka kushuka. Akatia matone ya dawa kutoka kwenye chupa ya kahawia, akafunga, akakitia kwenye mashine ya kutikisa. Kilipotoka alikiinamisha tena, na safari hii yaliyokuwamo yalimwagika kama chai.

Nukta aliacha kuzunguka.

"Hiyo dawa inafanya nini?"

"Inakata vile vifungo vya salfa. Uzi unabaki, sukari inabaki, lakini hakuna aliyemshika mwenzake. Bila hivyo huwezi kupaka kwenye kioo ukatafuta vijidudu. Inaganda, inakuchezea."

"Unaitia kwa makohozi yote?"

"Kila kinachotoka kifuani lazima kipitie hapa. Ndiyo hatua ya kwanza. Hata nikiwa usingizini mkono wangu—"

Hakumaliza. Koplo, aliyekuwa akitafuta mahali pa kukaa, alimwona mkemia akiitazama ile chupa ya kahawia kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu.

"Bwana mkemia," Nukta alisema polepole. "Kile kipande cha pafu la fundi, ulicholetewa kimefungwa uzi ncha zote mbili. Ulikifanyaje?"

"Nilikifungua. Nikakisafisha ndani. Nikakusanya..." Aliketi. "Niliitia. Niliitia kabla ya kutazama. Ee Mungu wangu, niliitia."

"Daktari hakuandika kwamba anatafuta kilichoziba?"

"Aliandika 'ute wa njia ndogo za hewa'. Basi. Angevuka hizo nyasi akaniambia anataka umbo, nisingegusa dawa!"

"Na wewe ungevuka ukamuuliza."

Mkemia alikubali kwa kichwa. Alisema kichupa kilibaki, lakini hakikufaa. Ute ukishayeyushwa hauelezi tena ulikuwa mgumu kiasi gani, na hata akiikuta ile protini ya pili humo, wakili yeyote angemcheka. Ilitakiwa sehemu ambayo haijaguswa na dawa.

"Iko wapi?"

"Kifuani kwake," mkemia alisema. "Pafu la kushoto. Kama hawajaondoka naye."

Nukta alikwisha toka. Alikata ua kwa kupita juu ya zile nyasi, koplo nyuma akihema, mkemia nyuma yao na chupa yake ya kahawia, koti likipepea.

Gari la kubebea jeneza lilikuwa limesimama mlangoni pa chumba cha maiti, injini inanguruma. Ndugu na majirani walikuwa wamejipanga ukutani. Mama wa marehemu alisimama mbele yao, mwanamke mfupi aliyenyooka, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Jeneza lilikuwa bado mikononi mwa watu.

"Lirudisheni ndani," Nukta alisema.

Minong'ono ilipanda. Mama alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Mlimkata mara moja hamkushiba?"

"Samahani sana, mama. Kibali cha kuzika nilikitoa mimi, na mimi nakizuia. Kuna jambo hatukulitazama."

"Muuaji mnaye. Mnamlisha. Mwanangu ndiye mnayemsumbua?" Machozi hayakumtoka, alikuwa ameshavuka huko. "Mimi niliona kwa macho yangu haya, binti. Mto huu hapa, uso wa mwanangu huu hapa, mikono ya yule hii hapa. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kama alikufa kwa kile ulichokiona."

Nukta aliogopa kwamba mama angelala juu ya jeneza, na kama angefanya hivyo asingejua la kufanya. Lakini mama alisogea pembeni.

"Nitasimama mlangoni," alisema. "Siondoki."

Daktari wa maiti alikuwa mzee mwenye mabega ya mchukuzi. Alipomwona mkemia akiingia alifungua mdomo, akaufunga. Mkemia alimweleza kosa lake kwa sentensi mbili, macho yakitazama sakafu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi ningeandika vizuri, na hili la kushoto ningelipasua," alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu ugomvi wa friji. Akachukua kisu.

Nukta alishaona mengi, lakini alilazimika kuuma meno ili asigeuke. Pafu lilikuwa limevimba, halikunywea kama linavyopaswa. Daktari alilikata vipande vyembamba kama mkate, na kwenye kila kipande, kwenye kila kitundu kidogo ambacho kingepaswa kuwa wazi, kulichomoza kizibo cha kijivu chenye umanjano. Alishika kimoja kwa koleo ndogo, akavuta. Kilikataa. Akavuta tena, kikaja taratibu, kisha kikaachia ghafla. Kilikuwa na matawi. Kila tawi lilikuwa na vitawi vyake, umbo zima la njia za hewa za mtu, limegandishwa.

"Kimeng'ang'ania ukuta," mkemia alinong'ona. "Ile ya pili."

"Nipe ushahidi ambao hata mwendesha mashtaka ataelewa," Nukta alisema.

Mkemia alichukua vibakuli viwili vya kioo. Kimoja akatia maji ya chumvi, cha pili akatia dawa yake. Ndani ya kila kimoja akaweka kizibo kutoka pafu lile lile. Wakasimama kutazama, watu wanne. Koplo aliacha hata kufikiria tumbo lake. Kwenye maji ya chumvi kizibo kilikaa na matawi yake yote. Kwenye dawa, ncha za matawi zilianza kulegea, kisha shina, na baada ya kutikiswa kidogo hapakuwa na kitu isipokuwa maji ya ukungu.

"Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye majibu," mkemia alisema. "Hayo hayo."

"Na vile vidoa vya machoni?"

"Mtu anayepigania pumzi hivi hupata vidoa kwa juhudi zake mwenyewe," daktari alijibu. "Aliinama mbele apate hewa, akakumbatia mto, kama wafanyavyo wote. Akaishiwa nguvu, akauangukia. Mkewe alikuwa anamvuta, si anamkandamiza." Alifunika pafu kwa kitambaa. "Na nikwambie jingine, afande. Hiki si kitu cha usiku mmoja. Tazama tabaka zake. Nitahakikisha kwa darubini, lakini kifua hiki kilikuwa kikijiziba siku baada ya siku, wiki mbili, labda tatu. Ni kifua cha mtu aliyekuwa hatumii dawa ya kila siku."

Mlango haukuwa umefungwa vizuri.

"Wiki ngapi?" mama aliuliza.

Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nukta alimwendea haraka, akataka kumtoa nje, lakini mama hakubanduka.

"Daktari, mimi nimekuuliza. Wiki ngapi?"

"Mbili, mama. Au tatu."

"Yule hakuwapo," mama alisema. "Wiki tatu hakuwapo. Tulikuwa wawili tu."

Nukta alilisubiri lije lenyewe. Kuuliza kungekuwa ukatili, na kutouliza hakukuwa huruma.

"Nilimwambia ile dawa inakitia kifua uvivu. Mtu mzima, kila asubuhi anavuta kitu mdomoni kama mtoto na chuchu. Nikamwambia mkeo hayupo, hebu pumzika nayo, nikupikie nikujuavyo. Nikaifungia kabatini." Alisema hayo kwa utulivu uliomtisha Nukta kuliko kilio. "Akanisikiliza. Alikuwa akinisikiliza kila kitu, huyu. Angenibishia japo siku moja."

"Mama..."

"Nipeleke mimi ndani. Mtoe yule."

"Yeye nitamtoa. Wewe sina pa kukupeleka. Hilo halimo kwenye sheria."

Nukta aliona wazi kwamba lingekuwamo, mama angeshukuru.

Walirudi kituoni kwa gari moja. Njiani mwendesha mashtaka alipiga simu, na Nukta alimwambia kwa maneno machache kwamba kesi haipo, akakata kabla hajaulizwa kwa nini. Gari liliposimama mama alibaki kiti cha nyuma, akitazama mbele. Nukta alimwacha na koplo, akaingia.

Mjane aliletwa. Alielezwa yote, kwa ufupi, na Nukta akaomba radhi kwa niaba ya serikali, jambo ambalo halikumtoka vizuri kwa sababu ya kutozoea. Mjane hakuonekana kusikia.

"Mama anajua?"

"Anajua."

Hapo ndipo mwanamke yule alipoketi kwenye benchi na kulia, kwa sauti, bila kujificha, kilio ambacho hakukilia siku zote alizokuwa mahabusu.

"Wewe ulijua," Nukta alisema. "Tangu mwanzo."

"Aliniambia usiku ule. Nilipotafuta dawa, akanionyesha kabati kwa kidole. Hakuwa na pumzi ya kusema."

"Ungenitajia tu hilo kabati! Ulikuwa unakwenda kunyongwa!"

"Nilidhani mtajua sikumuua bila mimi kusema. Nyie si ndiyo kazi yenu?" Alifuta uso kwa kiganja. "Afande, yule ana mtoto mmoja tu. Ningemwambiaje?"

Nukta alimpa mkono, akamwinua kwenye benchi. Alimsindikiza mpaka mlangoni. Nje, koplo alikuwa amesimama mbali na gari, ameshika kofia yake mkononi, na ndani ya gari kilionekana kitambaa cha kichwa cha mama, hakisogei. Mjane alisimama kwenye ngazi. Nukta alifikiri angegeuka na kwenda zake, na moyoni asingemlaumu. Kisha mjane alishuka, akalifikia gari, akafungua mlango wa nyuma.

"Mama, sogea nikae," alisema. "Twende tukamzike."